Nimeitwa kufundisha vayolini kwenye kambi ya Suzuki likizo ya Agosti. Wazoefu nisaidieni

NyuziNne_Jinja ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa vayolini hapa Jinja. Nilianzia kanisani, nikapanda na mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, sasa nafundisha watoto wa shule ya msingi na wachache wanaokuja nyumbani. Kuna kambi ya muziki Entebbe likizo ya Agosti, Jumatatu hadi Ijumaa, Ijumaa jioni wazazi wanakuja kusikiliza. Waandaaji wamesema kambi itafuata njia ya Suzuki, yule mwalimu wa vayolini wa Kijapani: mtoto ajifunze kwa kusikia kwanza, noti baadaye. Mkufunzi wa Suzuki anatoka nje, yeye atachukua wakubwa. Mimi nimepewa wanaoanza: watoto 14, umri miaka minne hadi tisa, wengi vayolini, wachache chelo.

Yanayonikosesha usingizi ni haya. Mimi nilifundishwa noti kabla hata sijashika uta, sasa naambiwa karatasi ya noti isionekane darasani. Mtoto wa miaka tisa anayesoma vitabu bila shida nimfiche noti kwa nini? Halafu mzazi anatakiwa akae darasani na mtoto. Wazazi wetu hawa? Wanamshusha mtoto getini injini ikinguruma! Na vyombo havitoshi: vayolini ndogo za saizi ya robo na nusu ziko tano, ya saizi ya moja ya nane ni moja, chelo ndogo mbili. Waliobaki nitawapa nini mkononi?

Zaidi ya yote, Ijumaa watapiga nini mbele ya watu?

---

BabaMapacha (Ntinda):

Mwalimu, mimi ndiye huyo wa injini kunguruma, kwa hiyo nijitetee kidogo. Hatuwashushi watoto kwa dharau. Tunawashusha kwa sababu tukiingia darasani tunakalishwa kiti cha plastiki nyuma na hakuna anayetuambia la kufanya. Kwenye kambi moja mwalimu alinipa vayolini mimi, mtu mzima, akaniambia niishike begani hadi ahesabu thelathini. Mkono ulitetemeka, mapacha wangu wakacheka hadi wakakaa chini. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mwanangu "nyoosha mkono" kwa sauti ya ukali. Tupeni kazi, tutakaa.

---

Mama_Chelo (Entebbe):

NyuziNne mwanangu, hongera na pole. Nafundisha chelo na vayolini hapa Entebbe, na kambi za likizo nimezifundisha miaka mingi, za Suzuki kweli na za Suzuki ya bango tu. Nitajibu jinsi yanavyonijia.

Naanza na ambalo hukuuliza. Siku tano hazimfundishi mtoto kupiga vayolini. Ukiingia na hesabu hiyo, Ijumaa utakuwa na watoto waliokaza mabega na wazazi wanaorekodi video za kuonea aibu baadaye. Kazi ya mwalimu wa kambi ni kumwonyesha mzazi namna ya kukaa na mtoto wake nyumbani, na kumwachia kila mtoto jambo moja la kwenda nalo. Moja! Suzuki mwenyewe alikuwa hivyo: mtoto akimaliza kupiga, anashughulikia kitu kimoja, basi. Gumba limekakamaa? Fanya gumba. Kiwiko usikitaje hata kama kinakuchoma macho. Mwalimu wa kambi anayetaka kuonekana hodari hutaja makosa saba ndani ya dakika kumi, mzazi anaandika yote, na kesho yake nyumbani hawajui waanzie wapi.

Nikupe mfano. Alikuja msichana wa miaka sita na jjajja (bibi) yake. Alikuwa na sikio zuri sana, lakini uta ameukaba hadi vidole vimekuwa vyeupe, na sauti inakwaruza. Sikumwambia "legeza", maana mtoto akiambiwa legeza anakaza zaidi. Niliutoa uta kwenye nyuzi kabisa. Nikalihamisha gumba lake kutoka ndani, nikaliweka nje, chini ya kishikio cha uta, kama wanavyoanzishwa watoto wa Suzuki. Pale gumba linakaa limejikunja lenyewe, mtoto halazimiki kulifikiria. Kidole kidogo juu ya mti, kimeviringwa. Halafu tukaupeleka uta juu hadi darini na chini hadi sakafuni bila kugusa chombo, tukiimba. Dakika zake zote zikaishia hapo. Jjajja nilimwambia swali la kuuliza kila jioni kabla ya sauti ya kwanza: "Gumba limekunjwa?" Aliliandika nyuma ya risiti ya dukani. Siku ya tatu mtoto akaushusha uta kwenye uzi wa A na chumba kizima kikageuka kumtazama.

Na ukumbuke kuwa watoto wengine wana mwalimu wao kwao. Ukikuta amebandika tepu za rangi kwenye shingo ya vayolini, usizibandue hata kama wewe hupendi tepu. Wiki ijayo mtoto anarudi kwa mwenyewe.

Sasa noti. Suzuki hakuwa na ugomvi na noti. Alizaliwa Nagoya mwaka 1898, baba yake ana kiwanda cha vayolini, na miaka ya 1920 akaenda Berlin kufundishwa na Karl Klingler. Mtu wa namna hiyo noti anazisoma kama gazeti. Aliloliona ni kwamba kila mtoto wa Kijapani anaongea Kijapani vizuri, na hakuna aliyeanza kwa kusoma herufi. Mtoto wako wa Jinja anaongea Lusoga na jjajja, Luganda na wenzake, Kiswahili na askari wa getini, na darasa la kwanza (P1) bado hajaingia. Alizipata kwa kusikia kila siku, kwa kurudia, na kwa watu kumshangilia kila anapotamka neno. Kwa hiyo anayeanza asikie kwanza, mikono ikae sawa, sauti iwe nzuri, ndipo alama zije. Ukimwekea stendi ya noti mtoto wa miaka minne, shingo inaelekea kwenye karatasi na vayolini inateremka tumboni. Jaribu uone.

Yule wa miaka tisa usimfiche kitu. Mtengee dakika ishirini za kusoma, pembeni, bila chombo: kupiga makofi, kuandika mapigo ubaoni, kutaja majina ya nyuzi. Akija kukaa mtihani wa ABRSM huenda akakuta kuna kusoma kwa mara ya kwanza papo hapo. Ila kusoma kusiingie katikati ya kushika uta.

Kuhusu kusikia: waambie waandaaji wanunue rekodi ya kitabu cha kwanza cha Suzuki, ichezwe watoto wakifika, wakila, wakifungasha. Msitegemee intaneti, bando litaisha na umeme utakatika. Iwe kwenye flashi na spika ya betri. Mtoto aliyeusikia wimbo mara nyingi akila mkate, vidole vyake vinautafuta wenyewe.

Wazazi. BabaMapacha amesema kweli. Kule Matsumoto, Japani, kwenye shule ya Suzuki, ilikuwa mama anajifunza kwanza kupiga wimbo mmoja, mtoto anatazama, anaona wivu, anataka naye. Huku kwetu usishikilie neno "mzazi". Uliza nani yuko nyumbani na mtoto saa kumi na mbili jioni. Kama ni dada wa kazi, dada wa kazi ndiye aje akae, apewe daftari na aheshimiwe. Kama ni kaka yake wa sekondari (S3), sawa. Nimeona dada wa kazi asiyejua hata jina la uzi mmoja akimsimamia mtoto vizuri kuliko mama mwenye gari, kwa sababu alikuwepo jana na atakuwepo kesho.

Vyombo ndiyo hofu yako ndogo kuliko zote. Watoto wa miaka minne wala usiwape vayolini Jumatatu. Chukua maboksi ya majani ya chai, funga rula kwa utepe iwe shingo, weka sponji chini, umepata vayolini isiyovunjika. Wanafanyia kila kitu: kusimama, kuinama kusalimia, kuweka begani, kugeuza kichwa, kushusha. Uta ni penseli kwanza. Kila mtoto asimame juu ya karatasi ya manila, uchore nyayo zake mara mbili kwa rangi mbili: miguu pamoja kwa kupumzika, miguu mbali kidogo kwa kupiga. Andika jina, aipeleke nyumbani. Karatasi hiyo itamsahihisha mtoto kimya kimya wakati wewe uko Jinja.

Vayolini za kweli zigawe kwa mkono, si kwa umri. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, chombo kiwe begani: kichwa cha vayolini kikae kwenye kiganja na kiwiko kibaki kimekunjika kidogo. Kiwiko kikinyooka kabisa, chombo ni kikubwa. Kampala watu hupenda kununua kikubwa "akue nacho" kama sare ya shule. Mtoto anaumia kifundo na mzazi anasema hana kipaji.

Ratiba ombeni iwe ya kambi za Suzuki zenyewe. Kule Stevens Point, Wisconsin, Margery Aber alikoanzisha ya kwanza Marekani mwaka 1971, na nyingi zilizofuata, watoto wachache wa kiwango kimoja wanakaa chumba kimoja, kwa kawaida wanne kwa saa nzima. Kila mmoja ana dakika zake kumi na tano, wengine na wazazi wanaangalia. Usidhani wale wanaoangalia wamekaa bure. Mara nyingi mtoto wa tatu akifika zamu yake, kosa la wa kwanza keshalirekebisha mwenyewe. Baada ya hapo darasa la pamoja, kisha kitu cha kuchangamsha. Hapo mimi ningemtafuta mpiga endingidi. Uzi mmoja, uta, na vidole vinaugusa uzi ukiwa hewani bila ubao wa kuukandamizia! Watoto wakiona mzee anapata sauti safi kwa sikio tupu, huna haja ya kuwahubiria kuhusu kusikiliza.

Ijumaa watapiga mapigo. Kitabu cha kwanza kinaanza na wimbo wa watoto wa Twinkle, na kabla ya wimbo wenyewe kuna mapigo yake. Wamarekani wana maneno yao ya kuyashikia, sisi tumia yetu. Lile la kwanza, mafupi manne na marefu mawili, watoto wangu wanasema "boda-boda ngoja!" Lile la refu moja na mafupi mawili: "njoo hapa, njoo hapa." Yale mafupi mfululizo: "wali-nazi, wali-nazi." Wapige kwenye uzi mtupu, bila kuukandamiza kwa kidole, watamke kwa mdomo huku wanapiga, wale wa maboksi wapige kwa penseli. Mtoto wa miaka minne akipiga "boda-boda ngoja" kwenye uzi wa E kwa gumba lililokunjwa, na akainama vizuri mwanzo na mwisho, huyo amefanya onyesho kamili.

Tahadhari moja itakayokuokoa Alhamisi usiku: kitabu cha vayolini kinaanza Twinkle kwenye A, cha chelo kinaanza kwenye D, na cha viola pia D. Ukiwapanga pamoja bila kujua utasikia maajabu. Wa vayolini wahamishe uzi mmoja chini, waanzie uzi wa D. Vidole ni vilevile.

Na mwishoni mwa Agosti mvua inaanza. Kama ukumbi ni wa mabati, ikipiga usishindane nayo kwa kupaza sauti. Ndiyo saa ya manila, maboksi, kushika uta na kuinama.

---

Mdadisi256:

Mama Chelo umeeleza vizuri lakini mimi bado. Watoto wa Suzuki niliowahi kukutana nao ni kasuku. Wote wanapiga nyimbo zilezile, kwa mtindo uleule, ukiwapa wimbo mpya wamekwama. Kweli tunataka hicho?

---

Mama_Chelo (Entebbe):

Mdadisi, nusu ya neno lako nalikubali. Nimewaona watoto wa kitabu cha nne wanaopiga Vivaldi ukafurahi, ukiwawekea wimbo wa kawaida wa kanisani wanatoa macho. Aliyekosa hapo ni mwalimu aliyefurahia video za tamasha akaahirisha kusoma mwaka hadi mwaka. Njia haikumwambia aahirishe milele.

Nusu ya pili siikubali. Kurudia nyimbo za zamani si kwa ajili ya kuzikariri, zimeshakaririwa. Unampa mtoto wimbo anaoujua usingizini ili akili iwe huru kushughulikia sauti, au mkono, au kusikiliza mwenzake. Wimbo mgeni unakula akili yote, hakuna nafasi ya kurekebisha kitu. Na kupiga nyimbo zilezile kuna faida yake kambini: mtoto wa Gulu na wa Mbarara hawajaonana maisha yao yote, Jumatatu saa tatu asubuhi wanasimama na kupiga pamoja.

Wewe NyuziNne, usijitangaze mwalimu wa Suzuki kwa sababu ya wiki moja. Mafunzo yana ngazi, chini ya shirika la Suzuki la Ulaya, ambalo linahudumia na Afrika, ni ngazi tano na kila moja ina mtihani. Mwambie mkufunzi wenu akuruhusu ukae nyuma ya darasa lake kila ukiwa huru. Na habari ya malipo, iandikwe kabla hujapanda gari. Kuna kambi tulifundisha wiki nzima, tukaambiwa fedha "ziko njiani", na njia hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya Karamoja.

---

FundiNyuzi_Bombo:

Salaam walimu. Mama Chelo kasahau vyombo vyenyewe. Vayolini za kukodi zitakuja zimelegea zote, hasa zilizokaa stoo. Mambo machache:

Usilegeze nyuzi zote nne kwa pamoja. Badilisha mmoja mmoja. Ukizilegeza zote kidaraja kinaanguka, na ule mti mdogo uliosimama ndani unaweza kulala. Kuusimamisha tena kunataka kifaa chake na mtu anayejua, si uma wa jikoni (nimeletewa moja iliyofanyiwa hivyo, tundu lote limechubuka).

Kigingi kinachoteleza, paka chaki ya ubaoni kidogo. Kilichokwama, chomoa upake sabuni kavu ya mche. Ukikaza, sukuma kuelekea ndani huku unazungusha. Kwenye vile vidogo tumia zile skrubu za chini kwenye mkia, ni salama zaidi kwa mwalimu mwenye haraka. Kila jioni legeza uta, kila asubuhi kaza. Watoto wasiguse manyoya ya uta kwa vidole, mafuta ya mkono yakishika, sauti inakufa sehemu ile.

Uzi utakaokatika ni E. Daima ni E. Nenda nazo za ziada za kila saizi mtakayotumia. Ya nusu usiilazimishe kwenye moja ya nane.

---

NyuziNne_Jinja:

Mwebale nnyo, asanteni sana wote. Mama Chelo, nimeshachapisha jibu lako lote. Maboksi nimeanza kukusanya, mama wa kantini ya shule ananiwekea. Kwa waandaaji nimeomba mambo mawili: kila mtoto aje na mtu mmoja yuleyule siku zote tano, awe nani awe, na masomo yangu yawe ya watoto wanne wanne badala ya kundi la 14. La kwanza wamekubali. La pili wanasema vyumba havitoshi.

Mama, kuna hilo la chelo. Mimi ni wa vayolini, chelo naijua kwa kuitazama tu. Hao wadogo wawili wa chelo nitawaanzisha vipi bila kuwaharibia?

---

Mama_Chelo (Entebbe):

Chumba hakihitajiki, mwembe unatosha. Wanne chini ya mwembe na wewe, waliobaki ukumbini na kijana mkubwa mmoja anayewapigisha mapigo kwa makofi, mnabadilishana. Waambie hivyo.

Wa chelo, kila kitu kiko kwenye kiti. Kiti cha mtu mzima kitawaharibu kabla hujafungua mdomo. Tafuta viti vya chekechea, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, magoti yawe chini ya nyonga kidogo, akae ukingoni. Asipofikia sakafu, weka matofali chini ya miguu. Mguu wa chelo uzuie usiteleze: kamba ifungwe kwenye miguu ya mbele ya kiti, ncha iingie kwenye kitanzi. Chombo kiegemee kifuani, mtoto asikikumbatie kwa magoti. Kisha wakwanyue uzi wa D na A kwa kidole, "boda-boda ngoja", siku mbili nzima. Uta wao niachie mimi. Jumatano niko mapumziko, nitapita hapo saa nne asubuhi, unifungulie geti tu.

Na ile vayolini yenu ya moja ya nane, niulizie imeandikwa saizi gani ndani ya tundu. Ninazo nyuzi za E mbili za saizi hiyo hapa mezani. Zikiingiana nitazibeba.

---

NyuziNne_Jinja:

Nimepiga simu. Imeandikwa 1/8, na uzi wa E tayari haupo! Nakusubiri Jumatano, mama. Viti vya chekechea nimevipata kwa jirani wa ukumbi, tunavibeba Jumapili.